Amana Iliyo Chini ya Reli

Msafiri atokaye London kwa treni kuelekea kaskazini hufika York baada ya mwendo wa takriban kilomita 300. Hupokewa na kituo kilichofunguliwa mwaka 1877, chenye paa la chuma na kioo lililopinda mfano wa ubavu wa jahazi. Abiria hushuka, hukokota mizigo yao na kwenda zao. Ni wachache wajuao kwamba ardhi waikanyagayo ni ya makaburi.

Warumi waliujenga mji huu mwaka 71, wakauita Eboracum. Hapa ndipo alipofia Kaisari Septimius Severus mwaka 211, naye alikuwa mtu wa Afrika, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Mkewe, Julia Domna, alikuwa binti wa Homs, nchi ya Shamu. Sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo maiti walitolewa nje ya ukuta na kulazwa kandokando ya barabara kuu. Karne nyingi zilipopita, majina ya waliozikwa yalisahaulika, na ardhi hiyo hiyo ikatakiwa kwa reli.

Zama hizo hapakuwa na sheria ya kumzuia mjenzi. Ukuta wa kale wa mji ulitobolewa ili treni zipite. Mwaka 1838, reli ikijengwa, liliibuka jeneza la mawe la mtoto mchanga aitwaye Simplicia Florentina, aliyeishi miezi kumi tu. Jina lake liliandikwa na baba yake, askari wa Jeshi la Sita, ambaye katika maandishi hayo alimtaja kuwa ni roho isiyo na hatia. Miaka ya 1870, kituo kipya kilipochimbiwa msingi, makaburi mengi yalifunuliwa kwa sururu na koleo. Padri James Raine, aliyeangalia mkusanyo wa kale wa makumbusho, alijitahidi kuokoa alichoweza. Lakini kazi ya reli haikumsubiri, na mengi yalipotea pasipo kuandikwa.

Katika vilivyookolewa mwaka 1875 mna nywele za mwanamke. Alizikwa ndani ya jasi, nayo ikazihifadhi nywele zake zaidi ya miaka 1,600. Zingali zimesukwa na kufungwa kisogoni, zimeshikizwa kwa vibanio vya jeti, lile jiwe jeusi liokotwalo katika pwani ya Whitby. Leo zimo katika Makumbusho ya Yorkshire. Atazamaye huona kazi ya mkono: mama, dada au mtumishi aliyekaa kando ya maiti akamtengeneza nywele kwa mara ya mwisho.

Hapa pana swali zito, hasa kwetu sisi tuliolelewa katika heshima ya kaburi na stara ya mwanamke. Aliyemsuka hakukusudia nywele zile zitazamwe na wageni nyuma ya kioo. Hata hivyo, lau zingetupwa pamoja na kifusi, tusingejua kabisa kwamba aliwahi kuishi. Kuokoa kulikuwa bora kuliko kutupa, na bora kuliko yote ni kutomfikia.

Fikra hiyo ndiyo iliyoshika nguvu York katika kizazi hiki. Mji huu ni mmoja kati ya mitano nchini Uingereza iliyotajwa chini ya sheria ya mwaka 1979 kuwa na umuhimu wa pekee wa mambo ya kale. Kuanzia miaka ya 1990, halmashauri yake imefuata kanuni kwamba jengo jipya lisiharibu zaidi ya asilimia 5 ya tabaka za kale zilizo chini yake. Kutoa mifupa ya binadamu kaburini kunahitaji kibali cha serikali.

Kwa hiyo kazi huanza mezani kabla ya kuanza shimoni. Wataalamu husoma ramani na kumbukumbu za kale, kisha hutoboa vishimo vyembamba au kuchimba mitaro michache ya majaribio wapate kujua kina cha mabaki. Mhandisi naye huhamisha nguzo, hutawanya uzito juu ya jamvi pana la zege, au huyapitisha mabomba njia nyingine. Mitambo ichimbapo, mtaalamu husimama kando, tayari kusimamisha kazi. Mwaka 2024 daraja la Queen Street, mbele ya kituo, lilibomolewa ili eneo lile lipangwe upya, mabasi na waendao kwa miguu wapate nafasi. Katika mji kama huu, hata kupanga njia ya mabasi ni jambo la kushauriana kwanza na waliolala chini.

Wapo wasioridhika. Husema kilichofunikwa hakifundishi kitu, na kwamba unyevu wa udongo ukikauka, mbao na ngozi zilizodumu huko chini zitaoza bila kuonekana. Hoja yao ina uzito. Mwaka 1901, ng'ambo ya pili ya mto Ouse, lilipatikana kaburi la binti wa karne ya nne aliyevaa bangili za jeti na za pembe za ndovu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba huenda nasaba yake ilitokana na Afrika Kaskazini. Habari hiyo isingejulikana lau asingefukuliwa. Lakini elimu ile ilitoka katika mifupa iliyokwisha kutolewa zamani. Mifupa iliyobaki ardhini yaweza kungoja wenye vyombo bora na mikono myepesi kuliko yetu. Aliyekabidhiwa amana halazimiki kuifungua ili athibitishe kuwa anayo.

Atakayejaaliwa kufika York na familia yake asiharakie treni ya pili. Apande juu ya ukuta wa mji ulio mbele ya kituo, autazame uwanja wa reli, awaeleze watoto ni akina nani waliolala pale. Kisha avuke daraja la Lendal hadi kwenye makumbusho, na afikapo mbele ya nywele zile, apunguze sauti.