Kioo cha Jikoni na Mchanga wa Ziwa



Juma hili tunawashirikisha jambo lililotokea jikoni, katika nyumba ya mapadre. Machoni pa watu si jambo kubwa, nasi tumekawia kuliandika kwa sababu linatuaibisha. Lakini sisi tunaowaita wengine waje kuungama dhambi zao hatustahili kuyaficha ya kwetu.

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi wa kuni na mkaa. Nasi tukajitazama. Tulikuwa tumehubiri mara nyingi juu ya waraka wa Laudato Si', ambao Papa Fransisko alitupatia mwaka 2015, tukawahimiza watu kutunza misitu ya mkoa wetu. Huku nyuma, magunia ya mkaa yaliendelea kuingia kwa mlango wetu wa uani. Basi tukanunua mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili, lile la kisasa lenye uso wa kioo cheusi. Siku ya kwanza tulijiona humo kama katika maji ya ziwa asubuhi kabla ya upepo kuanza.

Mama anayetupikia, mwenyeji wa Ujiji, alilipokea jiko lile kwa heshima. Mama huyu amelelewa ufukweni. Tangu utoto anajua kwamba sufuria yenye masizi hupelekwa majini, ikasuguliwa kwa mchanga na majivu hadi ing'ae kama fedha. Ukipita Kibirizi au Katonga asubuhi utawaona akina mama na mabinti wakifanya hivyo, na sufuria zao zimepangwa juani. Ndiyo elimu aliyopewa na mama yake, na ni elimu njema. Kwa hiyo mawese yaliporukia kioo na kuganda, naye alichukua kiganja cha mchanga laini akasugua. Siku nyingine alitumia stilwaya. Kioo kikatakata. Sisi tukafurahi na kumsifu, wala hatukuuliza kinasafishwaje.

Tangu 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule ziwa letu lilikuwa limefungwa, samaki wapumzike na kuzaliana. Hata lilipofunguliwa, mbalamwezi ilikuwa inang'aa, na kila mvuvi wa taa anajua kwamba mwezi ukiwaka samaki hawaifuati taa yake. Hivyo tukasubiri tena. Katika juma la mwisho la Agosti giza lilirudi, na migebuka ikaanza kuonekana sokoni. Tulikuwa na wageni siku hiyo. Mama alisimama jikoni tangu alfajiri: migebuka ya kukaanga, mingine ya kuunga kwa mawese, ugali wa muhogo na mboga. Sufuria kubwa ilifunika pleti zote mbili kwa muda mrefu. Mawese yakafurika, yakamwagika juu ya kioo na kuanza kutoa moshi. Akazima moto haraka, akachota kikombe cha maji baridi na kumwaga juu ya kioo.

Mlio wake tuliusikia sebuleni. Tulipofika, kioo chote kilikuwa vipande vidogo kama punje za mahindi, vimetapakaa sakafuni na ndani ya mboga. Mama alikuwa amesimama kando, hana jeraha, kwa neema ya Mungu. Sisi hatukumwuliza kama ameumia. Tulimwuliza, mbele ya wageni, kama anajua bei ya jiko. Tukasema na maneno mengine ambayo hatutayaandika hapa. Alijibu neno moja tu: "Baba, nikateni kwenye mshahara." Akavua aproni, akaikunja, akaenda zake.

Usiku ule tulifungua mtoto wa meza ofisini kutafuta risiti. Chini ya vyeti vya ubatizo tukakuta karatasi ya maelekezo ya jiko, ikiwa bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani. Iliandikwa kwa lugha za kigeni. Tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na lugha moja kati ya hizo tunaisoma vizuri. Humo yalikuwamo yote: usitumie kitu kinachokwaruza, usimwagie maji kioo chenye moto, usiweke sufuria pana inayorudisha joto chini.

Ndugu wapendwa, kioo cha namna hii huimarishwa kwa moto. Hupashwa tanurini hadi kupita nyuzi joto 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali. Ngozi ya nje huganda kwanza, na sehemu ya ndani inapopoa baadaye huivuta. Kwa hiyo nje imebanwa na ndani imevutwa, na mvutano huo uliofichika ndio nguvu yake. Kinaweza kustahimili sufuria nzito. Lakini kila mkwaruzo hupunguza ile ngozi ya nje, na siku ukifika ndani, au baridi ya ghafla ikikuta joto kali, kioo kizima hupasuka kwa mara moja. Kikombe kile cha maji kilimalizia tu kazi ambayo mchanga uliianza polepole, huku sisi tukishangilia mng'aro.

Dominika iliyofuata, tarehe 1 Septemba, Injili ilitoka sura ya 7 ya Marko, mahali Mafarisayo wanapowalaumu wanafunzi kwa kula bila kunawa, na Mwinjili anaeleza desturi zao za kuosha vikombe na vyombo vya shaba. Bwana anawajibu kwamba unajisi wa mtu hutoka ndani, moyoni. Tulikuwa tumeyaandaa mahubiri. Tulipopanda mimbarini tukamwona yule mama amekaa benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye siku zote hukaa mbele na wanajumuiya wenzake. Wakati wa Komunyo hakuja. Tukaigawa Ekaristi kwa mkono uliokuwa mzito. Bwana alifundisha kwamba mwenye kuleta sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza akapatane naye. Sisi tulikuwa tumekwisha kuitoa.

Mchana tukashuka Ujiji kwa miguu. Alitukaribisha chini ya mwembe, akatuletea viti na maji ya kunywa, kama kwamba hakuna kilichotokea. Tukamwomba radhi mbele ya watoto wake, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya wageni. Tukamwonyesha ile karatasi, tukamsomea kwa Kiswahili. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Baba, mngenisomea mapema. Mimi kioo nilikipenda." Alisema pia kwamba hakuja kukomunika kwa sababu alikuwa na hasira, akaogopa kumpokea Bwana akiwa hivyo. Yeye aliichunguza dhamiri yake. Sisi tulivaa kasula tukaendelea na ratiba.

Alirudi kazini baada ya siku kadhaa. Mshahara haukukatwa. Kwa miezi miwili tulirudia mkaa, kisha jiko jingine likapatikana. Sasa maelekezo yamebandikwa ukutani kwa Kiswahili, na yeye mwenyewe amewafundisha wenzake wa WAWATA. Tunayaandika hapa kwa faida ya wote. Kioo kiachwe kipoe kabisa; kisha kipanguswe kwa kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni. Mawese yaliyoganda yalowekwe kwa kitambaa chenye siki kidogo hadi yalainike, wala yasikwanguliwe kwa kisu. Matundu ya moto yazibuliwe kwa sindano, na vifuniko vyake virudishwe sawasawa. Mwali ukiwa wa manjano badala ya buluu, kuna uchafu. Mpira wa gesi upimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mkisikia harufu, fungeni mtungi, fungueni milango, wala msiguse swichi, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, sakafuni.

Kuna wengi majumbani mwetu tunaowakabidhi vitu ambavyo hatujawafundisha kuvitumia: binti wa kazi, kijana wa bodaboda, mtoto aliyepewa simu, mke au mume aliyeingia katika ukoo mgeni. Wao hutumia kile walichofundishwa kwao. Kikiharibika, tunauliza bei. Na mtu aliyesimama motoni tangu alfajiri, sisi humwagia maneno ya baridi, kisha tukashangaa anapopasuka. Juma hili, kila mmoja atafute karatasi aliyoikunja mtoto wa mezani, ile ambayo mwingine alistahili kusomewa. Amsomee kabla kitu hakijavunjika. Na kama kimekwisha kuvunjika, ashuke Ujiji yake kwa miguu.

Ee Bwana, utusafishe ndani polepole, kwa mkono laini. Utujalie kuuliza kwanza kama ndugu yetu ameumia. Amina.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Tuzidi kuombeana.