Mumbai: Mji Uliotufundisha Kuanzia Jikoni

Wengi wetu tuliijua India kwa njia ya sinema kabla ya kuijua kwa njia nyingine yoyote. Tulipokuwa wasichana tuliimba nyimbo zao bila kuelewa hata neno moja, tukalia pamoja na Amitabh Bachchan, kisha tukarudi nyumbani tukidhani kwamba nchi ile yote ni maua na ngoma. Mwezi wa Oktoba 2012 tulipata nafasi ya kuiona kwa macho yetu, lakini hatukwenda kutembea. Sisi wauguzi wawili tulimsindikiza mama mmoja wa usharika wetu aliyekuwa akimpeleka mwanawe wa miaka mitano kupasuliwa moyo mjini Mumbai. Usharika ulichanga, ndugu wakachanga, na kila shilingi ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi yake kabla hatujapanda ndege.

Daktari alipompima mtoto alimkuta na kichomi. Upasuaji ukaahirishwa kwa majuma mawili mpaka kifua kipone. Kwetu sisi wauguzi jambo hilo ni la kawaida. Kwa mama yule yalikuwa majuma mawili ya chakula na chumba ambayo hayakuwamo katika hesabu. Usiku ule alizihesabu rupia zake mara tatu kitandani, kisha akajifunika khanga usoni.

Mwenyeji wetu na kahawa yake

Tulikuwa tumepanga chumba kwa mama mmoja Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, aliyeishi Mumbai miaka mingi akifanya biashara ya vitambaa. Khanga nyingi tunazojifunga huku kwetu huchapwa India, na yeye alikuwa mmoja wa wale wanaozinunua huko na kuzileta Dar es Salaam. Kwa umri wake tulimwita Mama Mkubwa.

Asubuhi alipoona macho mekundu ya mwenzetu, alitumiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akaketi.

"Wanangu," alisema, "mimi nilifika hapa na magunia ya kahawa ya kwetu, nikijua kwamba nitatajirika. Sikuuliza kwanza watu wa hapa wanakunywa nini asubuhi."

Mumbai hunywa chai kama hiyo iliyokuwa vikombeni mwetu. Kahawa ya Mama Mkubwa ililala stoo mpaka ikapotewa na harufu, na mtaji wake wa kwanza ukaenda nayo.

Alitusimulia kwamba hata wakubwa walijikwaa hapo hapo. India ilipofungua milango ya uchumi wake mwaka 1991, makampuni ya kigeni yalimiminika. Mwaka 1994 kampuni ya Kellogg's ya Marekani ilileta vile vipande vyake vya mahindi ambavyo huliwa kwa maziwa baridi. Lakini mama wa Kihindi amezoea kuyachemsha maziwa ya asubuhi na kumpa mtoto yakiwa moto. Alipoyamimina juu ya vipande vile, vililowa mara moja vikawa kama uji. Kampuni ilikuwa na fedha, matangazo na wataalamu, ila haikuwa imechungulia sufuria ya maziwa.

"Sasa mtazameni mtu wa Cuddalore," aliendelea. Huko kusini, mzee Chinni Krishnan alikuwa na wazo kwamba anachokitumia tajiri, kibarua naye akimudu. Akaanza kufungasha shampuu katika vipakiti vidogo vya kutumia mara moja tu. Mwaka 1983 mwanawe, C. K. Ranganathan, alianzisha biashara yake mwenyewe kwa rupia 15,000, akakuza kampuni kubwa kwa vipakiti hivyo hivyo. Hakuna uchawi hapo. Mama anayelipwa kwa siku hana fedha za kununua chupa nzima, lakini ana sarafu moja ya leo. Sisi tunaonunua mafuta ya kula kwa kipimo na sukari kwa robo tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Rupia 80 juu ya paa

Siku ya tatu Mama Mkubwa alituchukua kwa treni kwenda mjini, mtoto akibaki na muuguzi mmoja wetu. Treni za Mumbai zina mabehewa ya wanawake peke yao, na tangu mwaka 1992 ipo hata treni nzima ya wanawake. Jioni, wakati wa kurudi, tuliona ajabu: akina mama waliotoka kazini wameketi wakimenya vitunguu saumu na kukata mboga mapajani, ili wakifika nyumbani iwe ni kuinjika tu. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa maana tuliwaza ni mara ngapi sisi nasi tumetoka zamu ya mchana tukakuta jiko limepoa.

Mahali alipotaka tupaone ni mtaa wa Girgaum. Huko, tarehe 15 Machi 1959, wanawake saba walipanda juu ya paa la jengo walilokuwa wakiishi, wakakanda unga wa choroko nyeusi, wakausukuma kuwa papadi nyembamba na kuzianika juani. Mtaji wao ulikuwa rupia 80 za mkopo. Siku ile walipata pakiti nne. Walikuwa wake wa nyumbani, wenye elimu ndogo, na hawakujua kazi nyingine ila hiyo ya jikoni. Wakakubaliana tangu mwanzo kwamba hawatapokea sadaka ya mtu, hata wakipata hasara.

Chama chao ndicho Lijjat, ambacho leo kina wanawake wapatao 45,000 katika sehemu nyingi za India. Utaratibu wake ni rahisi. Asubuhi mwanachama huchukua unga uliokwisha kukandwa, huusukuma nyumbani kwake huku akiangalia watoto, na kesho yake hurudisha papadi zilizokauka na kulipwa. Zikiwa nene au hazikulingana, haziponi mkaguzi. Wote huitana dada, na faida ni ya wote. Mmoja wa wale saba, Jaswantiben Popat, alitunukiwa nishani ya Padma Shri na serikali ya India mwaka 2021, akiwa bibi wa miaka zaidi ya 90.

Mwenzetu aliuliza swali moja tu: "Walianza na unga wa kiasi gani?" Tulijua kwamba ameanza kuhesabu tena, na safari hii si kwa kulia.

Mcheza sinema na matone mawili

Jioni majirani walijaa sebuleni kwa Mama Mkubwa kutazama televisheni. Sinema kwao ni kama hewa. Wakati ule Dilwale Dulhania Le Jayenge, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa bado ikionyeshwa kila siku katika jumba la Maratha Mandir! Kila ubao wa matangazo barabarani una sura ya mcheza sinema, anauza sabuni, saruji, hata mafuta ya nywele.

Amitabh wetu wa ujanani alikuwa sasa mzee wa ndevu nyeupe, akiendesha mchezo wa maswali na zawadi ulioanza mwaka 2000. Tulishtuka kusikia zawadi zikitajwa kwa "lakh", kumbe ndilo neno letu laki! Mama Mkubwa alitueleza kwamba kampuni aliyoianzisha mwaka 1995 ilimwangusha katika madeni makubwa, na mchezo ule ndio uliomwinua. Basi hata nyota huishiwa.

Lakini sisi kama wauguzi tulimheshimu kwa jambo jingine. Kuanzia mwaka 2002 alitumika katika kampeni ya chanjo ya polio. Hapo mwanzo alibembeleza. Baadaye, katika matangazo, akawakaripia wazazi wasiopeleka watoto kupata yale matone mawili, kwa ile sauti ya ukali ya sinema zake. Kazi kubwa ilifanywa na watoa chanjo waliotembea nyumba kwa nyumba, lakini mama aliyefungua mlango alikuwa amekwisha kusikia karipio la mtu anayempenda. Mwaka 2009 India ilikuwa na wagonjwa wa polio 741. Mgonjwa wa mwisho alipatikana Januari 2011, na Machi 2014 Shirika la Afya Duniani likaitangaza nchi ile kuwa haina polio. Sisi tuliokwisha kuona viguu vilivyolegea wodini tunajua maana ya tarakimu hizo.

Sufuria moja

Mwenzetu hakungoja kurudi nyumbani. Nyumba ile ilikuwa na Watanzania wengine wawili waliouguza, kila mmoja akinunua chakula cha mkahawani. Akawaita, wakachanga, akanunua unga wa mahindi, dengu na mchicha, wakapika sufuria moja kwa zamu. Fedha za majuma mawili zikatosha, zikabaki na za maziwa ya mtoto. Upasuaji ulifanyika, na siku ya nne mtoto aliomba ugali.

Huku kwetu alianza kukaanga krispi za muhogo pamoja na jirani zake watatu. Mmoja aliacha mapema, na mwaka wa kwanza waliunguza mafuta zaidi ya walivyouza, kwa sababu vipakiti vyao vilikuwa vikubwa kuliko senti za watoto wa shule. Wakavipunguza. Si kampuni kubwa, lakini sare za shule zimetoka humo, na mtoto yule alimaliza darasa la saba mwaka 2020.

Akina mama, mara nyingi tunaulizwa tunafanya kazi gani, nasi tunajibu kwa aibu, "Niko nyumbani tu." Mama Mkubwa alitukataza kulitumia hilo neno "tu". Makampuni makubwa hupoteza mali kwa kutojua kile unachokijua wewe kila asubuhi: nani anakula nini, kwa kiasi gani, na ana senti ngapi mkononi. Kesho ukiinjika chai, hesabu ulicho nacho jikoni, kisha mwite jirani yako.