Pumzi ya Mzamiaji Hutengenezwa Nchi Kavu

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo humfaa mwenye nyumba, kwa kuwa ukuta ukianguka yeye huweza kukusanya matofali na kuanza upya. Haimfai mzamiaji. Aliye chini ya maji akipata ufa katika chombo anachopumulia hana matofali, hana udongo, wala hana siku ya pili ya kujengea. Ufa wake sharti uzibwe kabla hajalowa miguu, na aghalabu huzibwa na mtu mwingine aliyeketi nchi kavu mbele ya meza, ambaye huenda asizame majini maisha yake yote.

Mtu hahitaji kwenda baharini ili ayaone hayo. Msafiri atokaye Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, akishika njia ya kaskazini kuelekea Nchelenge, hulikuta ziwa Mweru, ambalo Zambia na Kongo huligawana. Ng'ambo ya magharibi, huko Kilwa na Pweto, Kiswahili husikika sokoni. Upande wa Kashikishi husikika Kibemba. Lakini pande zote mbili watu huishi kwa samaki. Kila mwaka, tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi mingine wavuvi wa chisense, ambao ni dagaa wa huko, hutoka usiku na taa zao.

Sehemu kubwa ya ziwa hilo haina kina cha zaidi ya mita 10. Mgeni huweza kudhani kwamba maji ya namna hiyo hayana madhara. Wenyeji wanajua vingine. Upepo ukivuma, maji ya kina kifupi huinuka upesi, na mtumbwi uliojaa watu na mizigo hupinduka kwa wimbi moja. Nao mto Luapula huingia ziwani ukiwa na tope lake, hata aliyezama karibu na ufuko huweza kukosa kuonekana kwa macho. Hapo ndipo jamaa hukaa mchangani na kungoja mtu atakayeshuka.

Katika nchi zetu mtu huyo mara nyingi ni askari. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba. Mwaka ulikuwa 2018, na watu zaidi ya 220 walifariki. Siku ya pili baada ya ajali hiyo, wazamiaji walimkuta hai fundi mmoja wa kivuko, aliyekuwa amebaki mahali penye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa. Wanamaji wa Kenya na wazamiaji wengine walitafuta kwa siku nyingi, na gari likaopolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58 hivi. Magazeti yaliwataja walioshuka, kama ilivyostahili. Hayakuwa na nafasi ya kumtaja aliyefungua, kusafisha na kufunga vifaa vya kupumulia.

Kifaa chenyewe huitwa regyuleta, na jina hilo si geni jikoni. Mama anayepikia gesi anayo regyuleta juu ya mtungi wake. Ndani ya kile kichwa cha chuma mna springi na kiwambo cha mpira, na kazi yake ni kuipunguza nguvu ya gesi ili ifike kwenye jiko kwa upole. Regyuleta ya mzamiaji ni ndugu yake, ila imekabidhiwa kazi ngumu zaidi. Hewa ndani ya mtungi wa mgongoni imeshindiliwa mara 200 ya hewa ya kawaida. Ikimfikia mtu kinywani kwa nguvu hiyo itampasua mapafu. Kwa hiyo hupunguzwa kwa hatua mbili. Sehemu ya kwanza, iliyofungwa kwenye mtungi, huishusha hadi kiasi cha mara 9 au 10 kuzidi shinikizo la maji. Sehemu ya pili, iliyo mdomoni, huishusha tena ilingane sawasawa na maji yaliyomzunguka mzamiaji.

Mlinganyo huo ndio siri yote. Kila mita 10 za maji huongeza uzito kama wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Katika mita 10 mwili hubanwa mara mbili, katika mita 20 mara tatu, na katika kina kile cha Likoni karibu mara saba. Kifua cha binadamu hakiwezi kuvuta hewa nyepesi chini ya mzigo huo. Ndani ya sehemu ya mdomoni mna kiwambo chembamba, kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Upande mmoja kinaguswa na maji, upande wa pili na pumzi. Mzamiaji akivuta, kiwambo huingia ndani, husukuma wenzo mdogo, nao wenzo hufungua vali. Akiacha kuvuta, vali hujifunga. Watu wa Mwansabombwe, ambao kila mwaka mwishoni mwa Julai huzisikia ngoma za sherehe ya Mutomboko, wanajua kwamba ngozi iliyolegea haitoi sauti. Kiwambo kilichotoboka nacho hakitoi pumzi, hutoa maji.

Chombo hiki kina historia inayofurahisha. Katika karne ya 19 Mfaransa Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi, alitengeneza kifaa cha kuwasaidia watu kupumua migodini penye hewa mbaya, kisha Auguste Denayrouze, afisa wa jeshi la majini, akashirikiana naye kukipeleka majini. Mwaka 1943, wakati wa vita, Émile Gagnan alikuwa na vali iliyobuniwa kulisha injini za magari kwa gesi, kwa sababu petroli ilikuwa adimu. Jacques-Yves Cousteau, naye afisa wa majini, akaona kwamba kinachoweza kuipa injini gesi kwa kadiri inavyohitaji kinaweza kumpa mtu hewa kwa kadiri anavyovuta. Basi pumzi ya mzamiaji ilitoka mgodini na gereji, mahali ambapo mafundi wamezoea kuchafua mikono.

Adui za regyuleta ni wachache, na wote hujulikana. Baharini adui mkuu ni chumvi. Ikioshwa ingali mbichi huondoka kwa maji ya bomba. Ikiachwa ikauke hugeuka chembe ngumu zinazokwaruza shaba na kukata mpira. Katika ziwa kama Mweru hakuna chumvi ya kutisha, lakini mna mchanga na tope. Chini ya sehemu ya mdomoni kuna kilango cha mpira mwembamba cha kutolea pumzi. Punje moja ya mchanga, au unywele, ikinasa chini ya kilango hicho, maji huingia kidogo kidogo kila mzamiaji avutapo. Atakohoa, na kukohoa katika giza la tope ni mwanzo wa hofu.

Kwa hiyo matunzo huanza na ndoo. Kabla ya kuosha, kifuniko cha mlango wa hewa wa sehemu ya kwanza hukaushwa kwanza, kisha kikafungwa imara, maana tone moja likiingia humo huanza kuozesha shaba kutoka ndani. Kifaa huloweshwa katika maji safi ya vuguvugu, kisha husuuzwa. Kitufe cha kupulizia hewa hakibonyezwi wakati kifaa kiko ndani ya ndoo bila mtungi, kwa sababu kukibonyeza ni kuyafungulia maji mlango wa kupanda hadi kwenye mpira wa hewa. Baada ya hapo hutundikwa kivulini mpaka kikauke, mipira yake ikining'inia bila kukunjwa. Jua hupasua mipira, na mende hupenda kujificha katika kipande cha mdomoni. Kazi zote hizi hazihitaji cheti, na kijana yeyote wa kikosi aweza kuzifanya vema.

Kufungua ndani ni kazi nyingine kabisa. Askari hufundishwa kuifungua bunduki yake, kuisafisha na kuirudisha hata gizani. Asidhani kwamba mazoea hayo yanamruhusu kuifungua regyuleta. Hiyo ni ya fundi aliyefunzwa kwa aina ile ile, mwenye vipuri vya aina ile ile. Watengenezaji wengi hutaka ikaguliwe kila mwaka, na wengine huhesabu pia idadi ya safari za majini.

Fundi mwangalifu huanza kwa kusoma kabla ya kufungua. Mlangoni mwa sehemu ya kwanza kuna kichujio kidogo cha chuma, nacho hutoa ushahidi. Kikiwa cha kijani, maji yameingia na shaba imeanza kuoza. Kikiwa na wekundu wa kutu, mtungi umeoza ndani na haufai kuaminiwa. Kikiwa cheusi au chenye mafuta, kompresa inayojaza mtungi inapitisha uchafu, na mzamiaji amekuwa akiuvuta uchafu huo mapafuni. Kisha hufungua vyote. Oringi za zamani hutupwa hata zikionekana nzima. Sehemu za chuma husafishwa kwa dawa nyepesi ya tindikali, hukaushwa na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Kikalio cha vali, kipande cha plastiki kisichozidi kitufe cha shati, hubadilishwa. Grisi hupakwa ile tu iliyoagizwa, tena kwa uchache. Mafuta ya kupikia, ya nywele au ya injini ni marufuku: mengine huulainisha mpira ukaharibika, na mafuta yakikutana na hewa yenye oksijeni nyingi iliyoshindiliwa yaweza kuwaka.

Mwisho huja geji. Kifaa hufungwa kwenye mtungi, na sindano hupanda hadi kiwango chake. Hapo inapasa isimame. Ikiendelea kupanda polepole, hata kwa unene wa kucha, maana yake hewa inapenya mahali palipopaswa kufungwa. Leo ni mnong'ono tu. Kesho, majini, sehemu ya mdomoni huenda ikashindwa kuizuia na kumwaga hewa mfululizo. Vali hizi zimeundwa hivyo kwa busara, kwamba zikiharibika aghalabu hufunguka kuliko kujifunga. Lakini mtungi wa lita 12, unaobeba hewa kama lita 2,400 na kumtosha mtu mtulivu yapata saa moja katika mita 10, kwa namna hiyo huisha kwa dakika chache.

Na afikiriwe basi mtunza stoo wa kikosi kando ya ziwa lolote. Jana jioni mtumbwi umepinduka. Watu wawili hawajaonekana. Tangu alfajiri akina mama wamekaa ufukoni, khanga zimefunika vichwa. Mkuu wake anaingia.

"Toa seti mbili."

"Afande, nzima ni moja. Hii ya pili sindano ya geji haitulii."

"Wiki iliyopita ilifanya kazi."

"Ndiyo, afande. Wiki iliyopita ilifanya kazi."

Nje kilio kinasikika. Daftari la matengenezo liko mezani, na mahali pa sahihi ni patupu. Ni rahisi sana kuandika neno "imekaguliwa." Hakuna atakayejua, na kama bahati ikiwa njema hakuna litakalotokea. Anayesema hapana wakati huo huonekana hana huruma, wala hapati nishani. Hata hivyo amesema kweli, na mzamiaji, ambaye naye ana mama, hatashuka na kifaa kibovu.

Lakini kweli hiyo imechelewa, na mtunza stoo anaijua aibu yake. Yule fundi wa MV Nyerere alikutwa hai siku ya pili. Saa anazozipoteza mtu kwa kungoja regyuleta nyingine iletwe kutoka mji wa mbali zaweza kuwa ndizo saa za mtu anayegonga chuma kutoka ndani. Haifai kumshusha askari na kifaa kibovu. Haifai pia kukosa kifaa kizima siku kinapotakiwa. Njia ya kuepuka yote mawili ni moja, nayo ni kufanya kazi ile siku ambayo hakuna anayelia.

Wavuvi hutengeneza nyavu zao zikiwa nchi kavu. Kikosi chenye wazamiaji nacho kinayo miezi yake ya utulivu, na huo ndio wakati wa kupeleka vifaa kwa fundi, kuhesabu vipuri, kupima mitungi na kuandika daftari kwa ukweli. Na mke wa mzamiaji, anapomwona mumewe amerudi jioni amechoka, akaifuata ndoo kabla ya chakula, asimwone kuwa amezidi kwa madaha. Chakula kifunikwe. Kinaweza kungoja robo saa.