Sehemu ya 7: Kuku kaiva, au kababuka tu?

Mama mwenzangu, Krismasi iliyopita hapa Geita nilichoma kuku. Nje kapendeza kweli. Usiku mwanangu akaharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Nesi mzima, niliona aibu!

Sasa nina kipimajoto cha nyama. Ukinunua, chagua chenye sindano ndefu ya chuma, kinachosoma zaidi ya nyuzijoto 100. Chomeka kwenye paja, pale penye nyama nene, usiguse mfupa. Kuku ni 74. Ukishasoma kitoe, plastiki juu ya mkaa inayeyuka. Kioshe kwa sabuni.

Kile cha homa ya mtoto usikiguse, chenyewe huishia 42 hivi.

Huna bado? Mchemshe kuku aive kwanza, ndipo umchome.