Daftari la Mwethya

Mafunzo yangu ya kazi ya kutoa ruzuku yalichukua siku tatu, Februari 1999, katika hoteli moja ya Nairobi yenye zulia jekundu. Tulikuwa wageni saba. Tulifundishwa kusoma pendekezo la mradi, kukagua bajeti, kutambua risiti ya kughushi, na kujaza jedwali la safu nne ambalo mpaka leo sijakutana na mwanakijiji aliyelielewa. Siku ya tatu tukapewa cheti na mkoba. Wiki iliyofuata nikakabidhiwa Kitui na Makueni, mimi mzaliwa wa Mombasa ambaye sikuwahi kuona mto usio na maji.

Neno nililotoka nalo hotelini ni "walengwa". Sikulitilia shaka hata kidogo. Baadaye sana, mzee mmoja wa Ikutha aliniuliza kwa upole kwa nini karatasi zetu zinawaita hivyo, kwani Wakamba ni watu wa upinde na wanajua vizuri anayelengwa hupatwa na nini.

Ombi langu la kwanza lilitoka upande wa Mutomo, kikundi cha watu 32, karibu wote akina mama, waliotaka saruji na vyuma vya kujengea bwawa la mchanga. Nilidhani ni kosa la tahajia. Ikabidi nifundishwe. Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache kila msimu, kisha hubaki mchanga mtupu. Ukijenga ukuta wa zege ukavuka mto na kukaa juu ya mwamba, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake msimu baada ya msimu, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Mchanga mzuri, ule wa chembe kubwa, huweza kushika maji kiasi cha asilimia 40 ya ujazo wake. Shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo Kitui tangu katikati ya miaka ya 1990, na kikundi cha Utooni, kule Machakos, kilikuwa kimetangulia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hotelini hatukusikia lolote kati ya hayo.

Nililipenda ombi lile, nikalishughulikia kama nilivyofundishwa. Lilifika Machi. Bodi ikakutana Juni, ikarudisha bajeti irekebishwe. Septemba ikapitisha. Fedha, shilingi 120,000, zikatoka mwisho wa Oktoba, na mifuko 200 ya saruji ikafika kijijini wiki ya kwanza ya Novemba, siku moja na mvua.

Mtu wa Ukambani akisoma hapa ameshatikisa kichwa. Mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, ndizo anazozitegemea mkulima wa huku kuliko za masika. Novemba kila mtu yuko shambani na mto unashuka. Mifuko iliwekwa katika darasa la chekechea lenye bati lililotoboka. Nilipofanikiwa kupita njia tena, Januari, mifuko 70 ilikuwa imeganda ikawa mawe, na mawe halisi ambayo akina mama walikuwa wameyakusanya kingoni yalikuwa yamesombwa na mafuriko. Niliporudi Nairobi niliandika kwenye ripoti kwamba jamii "haikuwa tayari". Sentensi hiyo naikumbuka neno kwa neno, na ingali inanitia aibu.

Bwawa lilijengwa hata hivyo, kiangazi kilichofuata, kwa saruji iliyosalia na nyingine waliyochangishana. Siku ya kulikagua, katibu wa kikundi alinikaribisha kivulini, akatoa daftari la shule lililofungwa kwa lesso. Nilikuwa nikimwita mwaitu, kama nilivyosikia wengine wakiita akina mama wa rika lake.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umetuletea karatasi zako tukatia sahihi. Sasa na wewe soma zetu."

Lilikuwa daftari la mwethya. Mwethya ni ushirika wa kazi wa Wakamba: leo tunalima kwako, kesho tunajenga kwangu, na asiyefika hulipa faini. Kila jina lilikuwa na alama ya kila siku aliyokuja. Watu 32, siku tatu kwa wiki, wiki 14: siku za kazi 1,344. Kibarua wa huko wakati huo alilipwa shilingi 100 kwa siku. Nikapiga hesabu mara mbili kwenye kikokotoo cha ofisi. Shilingi 134,400, bila kuhesabu mawe, maji wala uji. Mfadhili mkuu wa bwawa lile alikuwa amekaa mbele yangu, miguu imetapakaa vumbi, na katika jedwali langu la safu nne alikuwa mlengwa.

Sikubadilika siku hiyo, msidhani. Nilirudi kazini nikaendelea kudai risiti. Lakini mambo yaliyonizunguka yalianza kusogea. Wakfu wa KCDF, ulioanzishwa 1997, ulikuwa ukihubiri kwamba jamii za Kenya zina mali zake za kutoa. Mwaka 2003 watoa ruzuku wa Afrika Mashariki wakaunda mtandao wao, nasi tukaanza kuulizana hadharani maswali tuliyokuwa tukinong'onezana garini. Kisha 2013 zikaja kaunti. Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, wananchi walianza kujadili bajeti kuanzia kijijini, na kamati ya mradi iliyochaguliwa na wakazi ikawa inatia sahihi kabla ya mkandarasi kulipwa. Afisa kijana aliyekuja mjini Wote na mkoba wake wa mafunzo akakuta watu wanaomhoji yeye: fedha kiasi gani, zimetoka wapi, kwa nini zimechelewa. Wazee waliozoea kupanga foleni ya mwolyo, chakula cha msaada wakati wa njaa, sasa walikuwa wakisoma makadirio ya ujenzi mstari kwa mstari.

Siku hizi mimi ndiye ninayewafunza wageni wa kazi hii. Siku mbili za kwanza tunakuwa na kikundi cha mwethya upande wa Kathonzweni, na wageni wanabeba mawe. Kalamu hairuhusiwi. Siku ya tatu wanaomba kuonyeshwa daftari, na wengine hukataliwa. Ndipo tunaingia kwenye bajeti, risiti na sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Risiti bado nazidai. Wezi wapo, na baadhi yao huandika mapendekezo mazuri kuliko yote.

Kitu cha kwanza ninachobandika ukutani ni kalenda ya mvua. Kwa hiyo nakuomba wewe unayekaa kwenye bodi yoyote inayotoa ruzuku ya ujenzi Kitui au Makueni: fanyeni kikao Machi, na fedha ziwe zimefika kijijini kufikia Juni.