Pikipiki ya mtumba katika msitu uliopandwa na watoto wa shule

Ukitoka Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ukashika Barabara Kuu ya 6 kuelekea Bahari ya Pasifiki, baada ya kama saa moja unajikuta kati ya milima yenye misonobari iliyosimama wima. Hapo ni Msitu wa Tillamook. Mvua ni nyingi, mashina yamefunikwa na uoto laini wa kijani, na Mto Wilson unakimbia kando ya barabara.

Jumamosi asubuhi, sehemu iitwayo Browns Camp hujaa magari ya pikapu yaliyobeba pikipiki. Baba anafunga buti za mtoto, mama anagawa mikate. Kisha unasikika mlio mkali, mfano wa msumeno wa mashine, na nyuma yake harufu ya oili iliyoungua. Aliyewahi kupanda boti ya mashine Tanga au Lamu anaijua harufu hiyo. Ni injini ya mipigo miwili, ambayo mafundi huiita tu-stroki, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili.

Portland ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Watoto wao wanasoma na watoto wa wenyeji, na siku moja kijana wa miaka 16 anarudi nyumbani na ombi: rafiki yake anakwenda Tillamook kila wiki, na kuna mtu anauza pikipiki ya motokrosi, mtumba, bei nzuri. Kwa mzazi wa Afrika Mashariki neno pikipiki linaleta picha ya wodi ya mifupa na vijana wa bodaboda wenye vyuma miguuni. Hofu hiyo ina msingi wake. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, kwa miaka mingi wameshauri walio chini ya miaka 16 wasiendeshe kabisa vyombo vya aina hii.

Lakini kijana ameshafika 16, na kumkatalia bila maelezo mara nyingi humfanya apande ya rafiki, bila kofia. Ni afadhali mzazi aende naye kuiona hiyo pikipiki.

Aanze na msitu wenyewe. Agosti 14, 1933, moto ulizuka kwenye eneo la ukataji magogo katika korongo la Gales Creek. Ukarudi tena 1939, 1945 na 1951. Kwa jumla ekari kama 355,000 ziliungua, na milima ikabaki na mashina meusi. Kuanzia 1949 watu walipanda miche karibu milioni 72, na kati ya wapandaji walikuwamo wanafunzi waliopelekwa kwa mabasi ya shule, wakiwa na majembe yao. Mwaka 1973 Gavana Tom McCall akauzindua rasmi kuwa msitu wa jimbo. Miti unayoiona leo kando ya njia, mingi ni ya mikono ile.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza ni ekzosi. Pikipiki ya motokrosi hutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, na kwa kawaida haina kizuia cheche, kile kifaa cha mwishoni mwa ekzosi kinachozuia chembe za moto zisitoke. Tillamook hairuhusiwi kuendesha bila hicho. Muuzaji akisema hakuna, gharama ya kukinunua ipunguzwe kwenye bei, siyo iachwe “tutaona baadaye”.

Pikipiki za aina hii sokoni nyingi zina umri mkubwa kuliko kijana anayezitaka. Honda iliacha kutengeneza motokrosi kubwa za mipigo miwili baada ya toleo la 2007, na Suzuki ikafuata baada ya muda mfupi. Yamaha haikuacha, kwa hiyo YZ125 na YZ250 zipo za kila mwaka na vipuri vyake havisumbui. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, urahisi wa vipuri una thamani kuliko stika mpya.

Fikeni kwa muuzaji bila kuchelewa, na kabla hajapiga kiki gusa silinda. Iwe ya baridi. Ikiwa ya moto, huenda ameiwasha mapema kwa sababu ikiwa baridi haiwaki. Maneno “nimebadilisha pistoni juzi” yanasikika kwa kila muuzaji, mwombe risiti. Fundi mwenye subira anaweza kufungua ekzosi na kumulika tochi kwenye tundu lake aone ubavu wa pistoni kama una michubuko. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Tazama oili ya gia: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Rejeta iliyopinda inaonyesha jinsi ilivyoanguka. Na namba iliyogongwa kwenye fremu ilingane na karatasi, maana pikipiki za wizi hazikosekani popote.

Hata ikiwa nzima, bado haijawa ya msituni. Shokapu zake zimekazwa kwa ajili ya kuruka matuta, na juu ya mizizi iliyolowa zinamrusha mwendeshaji huku na huku mpaka mikono ife ganzi. Zinahitaji kulegezwa na fundi kulingana na uzito wa mtoto. Rimu ya nyuma ni ya inchi 19, wakati wa msituni wanapenda 18, ambayo tairi lake ni nene na linahimili mawe. Spoketi ya nyuma huongezwa meno ili pikipiki iweze kutambaa taratibu. Tangi la YZ250 linachukua lita kama 8 tu, na taa hakuna, hivyo giza lisiwakute ndani.

Halafu kuna suala la nguvu. Kijana atataka 250. Hiyo inavuta kwa ghafla, na kwenye njia nyembamba kati ya miti ghafla hiyo ndiyo inayovunja mifupa, mti haukwepi. Ile ya 125 ni nyepesi na inasamehe zaidi, ingawa inadai gia zichezwe muda wote. Kwa mwanafunzi kabisa, chaguo la busara kuliko zote mbili ni pikipiki ya njia za msituni ya mipigo minne, kama Honda CRF230F: mpole, inawaka kwa kitufe. Kijana atasema ni ya wazee. Na aseme.

Fedha ikiwa haitoshi, kofia na buti vitangulie, pikipiki isubiri. Pikipiki inunuliwe mtumba, kofia hapana. Kofia iliyokwisha kugonga chini hata mara moja inaweza kuwa imechoka ndani bila kuonyesha ufa. Kofia nzuri inabana mashavu na haizunguki unapoishika na kuitikisa. Akianguka kisha akalalamika kichwa kinauma, akatapika, au akauliza swali lile lile mara tatu, siku imeishia hapo na safari inayofuata ni hospitali. Simu huko milimani hazishiki vizuri, kwa hiyo asiende peke yake, na mmoja wenu ajue kabla ya kuingia njia ya kufika Tillamook mjini au kurudi Hillsboro.

Nyumbani hatari ni nyingine. Petroli ya tu-stroki huchanganywa kwa kipimo. Kwa uwiano wa 32 kwa 1, lita 5 zinahitaji oili mililita 156 hivi. Mchanganyiko huo una rangi ya kuvutia, na wapo wanaouhifadhi kwenye chupa ya soda. Mdogo wake wa miaka mitatu haoni tofauti. Tumieni dumu la petroli lenye kifuniko cha kufunga, na mtoto akinywa asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali mara moja. Injini nayo isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa kupima sauti.

Kabla ya siku ya kwanza kuna kozi ya usalama ya jimbo, inayosomwa mtandaoni, na kibandiko cha ruhusa cha kubandika kwenye pikipiki. Njia za Browns Camp zina alama: duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wastani, almasi nyeusi ni kwa waliozoea. Wiki za mwanzo ziwe za kijani tu. Mzazi asiyeendesha anaweza kubaki kambini na chupa ya chai, nguo kavu za kijana ndani ya gari, na saa ya kurudi waliyokubaliana kabla hajapiga kiki.