Ukuta wa Majengo

Anayepita Goma kwa barabara kuu huona kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu na za bia. Kuta zinazosimulia jambo zimo ndani, katika vichochoro vya Majengo, Mabanga na Birere, ambako gari halipiti na chukudu yenyewe hupita kwa shida.

Ukuta wa kwetu haupokei rangi kwa urahisi. Jiwe jeusi la lava lina matundu tele, nalo hunywa kila linachopakwa. Mchoraji hana budi kupiga lipu kwanza, na saruji ni ghali. Ndiyo maana michoro mingi imo kwenye kuta za wenye kazi ndogondogo, kama kinyozi au fundi wa pikipiki. Mtu asiidharau kazi hiyo. Chéri Samba, ambaye picha zake zimefika Paris na New York, alianza Kinshasa kwa kuchora vibao vya maduka.

Mchoro unaonishughulisha uko Majengo, penye kona, juu ya ukuta wa mama mmoja mjane. Unasimulia Mei 2021. Mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 jioni, lava ikasimama Buhene. Tarehe 27 ikatoka amri kwamba mitaa kumi ya mji ihame, Majengo ikiwamo. Vijana wamechora msururu wa watu kuelekea Sake: magodoro, masufuria, mbuzi, bibi kizee juu ya chukudu. Nyuso hazikukamilishwa, na bado kila jirani humwonyesha mtu wake.

Sasa kampuni moja ya simu imeahidi kuupaka ukuta mzima bure, na kumpa mama huyo kitu kidogo. Wenzangu wa shirika walinitaka nimzuie. Sikumzuia. Ana watoto watatu shuleni, na si haki kumbukumbu ya mtaa mzima igharimiwe na mjane mmoja.

Ila sikubaliani na aliyesema kwamba picha za vichochoroni hazimhusu katekista. Karibu na mwaka 600, Serenus, askofu wa Marseille, alivunja picha za makanisa yake. Papa Gregori Mkuu alimsifu kwa kukataza zisiabudiwe, lakini akamkemea kwa kuziharibu, maana asiyejua kusoma husoma ukutani. Sisi tuliofunzwa ualimu kwa ubao na chaki tunalielewa hilo upesi.

Basi Jumamosi mbili nimewapeleka hapo wanafunzi wa kipaimara, waandike wanachokiona, bila maelezo yangu. Msichana mmoja aliandika kwamba katika msururu wote anayetazama nyuma ni mbuzi peke yake. Tulibishana kuhusu mbuzi huyo hadi kengele ya Angelus.

Kisha tukamwomba mama: kampuni ichukue upande wa barabara, ule wa kichochoro ubaki. Amesema atawauliza watakapokuja na ndoo zao, na kwamba lipu imeanza kupasuka kwa chini. Tukipata saruji kabla ya mvua za Septemba, tuilete.